Je, Imani ya Wazee ni Urithi ao ni Kazi?

Mahali pengi wazee hulalamika kwa neno moja. Husema: "Sisi tumeshika, je, watoto watashika?" Neno hili husemwa katika kijiji kikubwa chenye kanisa la matofali, husemwa vilevile mahali penye nyumba sita tu za wenye kusali. Lakini uzito wake huonekana zaidi katika zile nyumba sita. Palipo na watu wengi, mmoja akiondoka hakuna anayemtafuta. Palipo na wachache, mmoja akiondoka wote hukiona kiti chake kitupu.

Kwa sababu hiyo yafaa kuwatazama watu waliozoea tangu kale kuwa wachache kati ya mataifa, yaani Wayuda. Wakatekumeni wanawajua kwa habari za Abrahamu na Musa, na wengine hudhani kwamba habari zao zilikoma hapo. Hazikukoma. Hekalu la Yeruzalemu lilipobomolewa na Waroma mwaka 70, Wayuda walizidi kutawanyika katika nchi nyingi. Mara kwa mara walikaa katika mji mdogo, jamaa kumi ao ishirini, wakizungukwa na watu wa dini nyingine na lugha nyingine. Hawakuwa na mfalme wala jeshi. Na hata hivyo, baada ya miaka karibu elfu mbili, wapo.

Wanayo desturi moja inayofundisha mengi. Sala fulani haziwezi kusaliwa pasipo watu wazima kumi. Wasipotimia kumi, Torati haisomwi mbele ya mkutano, wala mwana hawezi kusali sala ile anayopaswa kumsalia mzazi wake aliyefariki. Mtoto wa kiume huhesabiwa kati ya wale kumi akitimiza miaka 13. Zamani walihesabiwa wanaume tu. Siku hizi makundi mengine huwahesabu wanawake vilevile. Katika hesabu hiyo hakuna mkubwa wala mdogo. Matajiri tisa hawatoshi. Matajiri tisa na mshona viatu mmoja wanatosha. Hata yule mgomvi, ambaye kila mtu angependa akae nyumbani, akikosekana wote humngoja mlangoni. Waswahili husema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Na hapa, hata mafya tisa hayainjiki.

Basi, tazama mji mdogo wenye watu kumi kamili. Mmoja ni kijana, kazi hakuna, anataka kwenda mji mkubwa kutafuta maisha. Ana haki ya kwenda; hakuna amri inayomfunga. Lakini akienda, mwana wa jirani aliyefiwa na mama yake hataweza tena kumsalia kama ilivyo desturi. Je, kijana huyo amemkosea jirani? Je, amewakosea wafu waliojenga nyumba ile ya sala kwa jasho lao? Ao hana deni lolote, kwa kuwa hakuomba kuzaliwa pale?

Swali hili si la Wayuda tu, lakini wao wamelijaribu kwa maisha yao. Na mmoja wa mifano iliyo wazi hauko mbali na Kongo: uko Uganda ya mashariki, katika vijiji vilivyo karibu na mji wa Mbale, chini ya mlima Elgon.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwako Muganda mmoja mkuu wa vita, jina lake Semei Kakungulu. Alikuwa Mkristu Mprotestanti, akawasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki, na ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale. Alitumaini kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa nchi ile, hawakumfanya. Akajitenga nao, akafuata kwanza kundi la Wamalaki, watu waliokataa dawa za hospitali. Tena alikuwa msomaji mkubwa wa Maandiko. Mwaka 1919 alipofika kwenye amri ya tohara akasema kwamba lazima ishikwe. Wenzake wakamwambia kwamba hiyo ni desturi ya Wayuda. Husimuliwa kwamba alijibu: ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myuda tangu leo. Akatahiriwa, yeye na wanawe. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda.

Mtu aweza kucheka hapa na kusema: huyu alimkasirikia Mwingereza, akatafuta dini ambayo Mwingereza hana. Yawezekana hasira ilikuwa na sehemu yake. Moyo wa mtu una vyumba vingi. Lakini hasira haimpi mtu saburi ya kuandika sheria za kula na za kusali. Mwaka 1920 Myuda mmoja aitwaye Yosefu alipita katika nchi ile, akakaa nao miezi karibu sita, akawafundisha sikukuu, kalenda, baraka na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha kurasa 90 kwa Kiganda, chenye sala na maagizo, kiwe msaada kwa watu wake. Mtu mwenye hasira hutazama jana. Anayeandika kitabu cha watoto hutazama siku ambayo yeye hatakuwapo.

Siku hiyo ilifika mwezi wa novemba 1928, Kakungulu alipofariki. Hapo jaribu la kwanza lilianza, na pengine lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyofuata. Wengi walikuwa wamemfuata kwa sababu alikuwa mkuu, mwenye mashamba na heshima. Mkuu akiisha kuzikwa, anayemfuata mkuu hana tena wa kumfuata. Sehemu ya watu wakarudi kwenye Ukristu. Waliobaki, chini ya Samson Mugombe na wazee wengine, walikuwa wakulima: watu wa ndizi, kahawa na muhogo, wasio na cheo. Hakuna Myuda wa mbali aliyewaletea mkate wala vitabu kwa mkono uliofunguka. Miaka mingi walikaa hivyo, wakiishika Sabato tangu jua likichwa siku ya tano hata jua likichwa kesho yake, wakiwatahiri wana wao siku ya nane, wakichinja wenyewe nyama yao.

Waliwezaje? Jibu moja liko mezani pa Pasaka. Kwa desturi ya Wayuda, usiku wa Pasaka sherehe haianzi kwa mahubiri ya mzee. Mtoto mdogo ndiye anayeuliza: kwa nini usiku huu si kama usiku nyingine? Mzee hujibu, na jibu lake ni habari yote ya kutoka Misri. Tena hufundishwa kwamba kila mtu na ajihesabu kana kwamba yeye mwenyewe ametoka utumwani, si babu zake tu. Fikiri vema juu ya akili iliyo katika desturi hiyo. Mzee asiyeulizwa huzungumza peke yake. Mtoto anayeuliza amekwisha kuingia katika habari, hata kama bado hajaielewa. Pahali pengi wazee huwakemea watoto wanaouliza juu ya imani, wakidhani kwamba swali ni mlango wa uasi. Wayuda wamelifanya swali kuwa ibada.

Ndipo ukaja wakati mgumu. Tarehe 25 januari 1971 Idi Amin aliutwaa utawala wa Uganda. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israeli. Mwaka 1972 akauvunja urafiki ule. Katika utawala wake dini ya Kiyuda ilikatazwa, masinagogi yakafungwa. Watu wale wakashauriwa kwa nguvu kuwa Waislamu ao Wakristu. Hukadiriwa kwamba walikuwa watu kama elfu tatu kabla ya Amin, na baada yake walibaki kama mia tatu waliojiita bado Wayuda. Kati ya kumi, tisa walikwenda.

Hapa msomaji asikimbilie kuhukumu. Wale tisa walikuwa na watoto wa kulisha. Waliona jirani akichukuliwa usiku na gari la askari, wala harudi. Mtu aliyebadili jina lake ili mtoto wake apate kwenda shule bila hatari, je, ameisaliti imani ao amemlinda mtoto? Mafundisho ya Kikristu huwasifu mashahidi waliokubali kufa. Lakini hakuna ruhusa ya kumdai jirani ushahidi wa damu mtu akiwa ameketi salama kwenye kiti chake. La kusemwa kwa haki ni hili tu: kama wote kumi wangefanya kama wale tisa, leo hakuna wa kusimulia. Mmoja aliyebaki alichukua mzigo wa wote. Naye aliyebaki hana sababu ya kujivuna, maana pengine alibaki kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mbali na njia ya gari.

Waliobaki walisali ndani ya nyumba, usiku, kwa sauti ya chini. Na hapa linaonekana jambo ambalo wajenzi wa makanisa makubwa husahau: Sabato haihitaji jengo. Huhitaji nyumba ambayo siku hiyo jembe limelazwa na moto haukuwashwa. Mtoto anayekula chakula cha jana, kilichopoa, huku moshi ukipanda katika nyumba za jirani, ameisha kufundishwa kabla ya kuambiwa neno. Sinagogi ikifungwa kwa amri, mama mwenye kushika siku hiyo jikoni mwake hawezi kufungwa.

Tarehe 11 aprili 1979 mji wa Kampala ulitekwa, Amin akakimbia. Kwa kalenda ya Wayuda, jioni ya siku ile ile ndiyo iliyofungua Pasaka ya mwaka ule. Mtu asiye na dini atasema kwamba ni bahati. Wazee wa Mbale hawakusema hivyo, na nani atawalaumu?

Lakini uhuru haukuwarudisha wale waliokwenda. Wazee walikuwa wamechoka, na mazoea ya kujificha hayaondoki kwa siku moja. Waliouinua mkutano tena walikuwa vijana, wengine wavulana tu, katika miaka ya mwanzo ya 1980. Kati yao walikuwamo ndugu wawili, Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu. Walikwenda kukaa pamoja juu ya kilima cha Nabugoya, wakilima pamoja na kula pamoja, kwa mfano wa vijiji vile vya Israeli viitwavyo kibutsi. Wakaisimamisha tena nyumba ya sala. Wakawaendea wazee kuwauliza nyimbo; wengine wakatunga sauti mpya za Zaburi, kwa Kiganda na kwa Kiebrania, zenye kupigwa mfano wa nyimbo za kwao. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2003, nyimbo hizo zilitolewa Marekani katika sahani ya muziki, watu wa mbali wakazisikia.

Tazama namna mambo yalivyogeuka. Kila mzee hufikiri kwamba urithi hushuka kama maji, toka juu kwenda chini, toka kwa baba hata kwa mwana. Nabugoya wana walipanda kuutafuta. Kama wangengoja kupewa, wangengoja hata leo.

Hapo ndipo swali la mwanzo lipate kujibiwa kwa sehemu. Shamba la baba huwa la mwana hata kama mwana amelala, sheria humpa. Imani haiko hivyo. Mwana hawi na deni kwa wafu kama mtu aliyekopa franka, maana hakutia mkono wake kwenye kopo lolote, wala wafu hawawezi kumshitaki. Lakini si kweli vilevile kwamba ni huru kama mgeni anayepita. Amekula kwenye meza ile. Lugha anayosalia, siku anazopumzika, jina analoitwa, vyote alivipata kwa watu waliovilipia. Anachopaswa ni kuvipima kwa haki kabla ya kuvitupa. Kutupa kitu baada ya kukijua ni uamuzi wa mtu mzima. Kukitupa bila kukifungua ni uvivu, na wengi wanaosema "nimeiacha dini ya wazee" hawakuifungua kamwe.

Na wazee nao wana deni lao, tena lao ni la kwanza: kutoa kitu kinachoweza kupimwa. Mzee anayempa mwanawe amri pasipo sababu amempa mzigo uliofungwa kamba.

Mtu atauliza: je, taabu ndiyo inayoshikilia imani, na amani huilegeza? Kuna mfano wa kusini ya Marekani unaofanya watu wafikiri hivyo. Katika mji mdogo wa Natchez, kando ya mto Mississippi, Wayuda waliotoka Ulaya walifanya biashara katika karne ya kumi na tisa, mji ulipokuwa tajiri kwa pamba. Sinagogi yao iliungua mwaka 1903. Wakajenga nyingine mwaka 1905, nzuri sana, yenye madirisha ya vioo vya rangi na kinanda kikubwa. Hakuna Amin aliyewafungia. Lakini mdudu akaila pamba, biashara ikapungua, wazazi wakawapeleka watoto kwenye shule za juu, na watoto waliosoma hawakurudi. Walikwenda katika miji mikubwa, wengi wakaendelea kuwa Wayuda huko. Jengo likabaki na wazee wachache mno. Wale wachache walifanya jambo la hekima: walipatana na nyumba ya kumbukumbu za Wayuda wa kusini, ili jengo lao litunzwe watakapokuwa wameisha wote. Kuandika wasia wa mkutano mzima si kazi nyepesi. Ni afadhali kuliko kuyaacha makaburi yaote majani pasipo mtu.

Mji mwingine wa kusini, Dothan, katika jimbo la Alabama, ulijaribu njia tofauti. Mwaka 2008 Wayuda wa pale walitangaza kwamba watawapa jamaa za Kiyuda watakaohamia kwao hata dola 50 000, nao wakubali kukaa miaka mitano na kushiriki katika mkutano. Baadhi walikuja. Kati yao wengine wakakaa, wengine wakaondoka. Wengine walicheka mpango huo, kana kwamba imani inanunuliwa. Kicheko hicho hakina haki: fedha zile zilikuwa nauli na kodi ya nyumba. Fedha yaweza kumleta mtu wa kumi mpaka mlangoni. Kuingia kwake ni shauri lake.

Basi, taabu si mwalimu mzuri kama wengine wanavyodhani. Kwa mia tatu iliowashika, elfu kadhaa iliwatawanya. Na amani haikuwaua watu wa Natchez. Ilihamisha watoto wao tu. Je, watoto hao walitenda dhambi kwa kuhama? Ushahidi wa swali hili uko katika Kongo yenyewe.

Watu wa Lubumbashi wanaijua sinagogi ya mji wao, iliyofunguliwa mwaka 1930, mji ulipoitwa bado Elisabethville. Wengi katika walioijaza walitoka kisiwa kidogo cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania. Huko wazee wao walikuwa wamekaa miaka mia nne, wakisema Kihispania cha kale, tangu babu zao walipofukuzwa Hispania mwaka 1492. Kisiwa kilikuwa maskini. Mwanzoni mwa karne ya ishirini vijana wakaanza kukiacha: wengine wakaenda Marekani, wengine Rhodesia, wengine Kongo, kuuza nguo, chumvi na samaki wakavu. Si vigumu kuwaza machozi ya mama zao bandarini. Kila meli iliyoondoka ilipunguza hesabu ya wale kumi.

Kisha, katika mwezi wa julai 1944, Wajerumani waliokitawala kisiwa waliwakusanya Wayuda wa Rhodes, zaidi ya watu 1600, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto wachanga, wakawapeleka Auschwitz kuuawa. Waliookoka walikuwa kama mia na hamsini. Mji wa Wayuda wa Rhodes, wenye kudumu vizazi vingi, ulikwisha katika majuma machache.

Walioulinda jina la Rhodes ni wale walioondoka. Sala za Rhodes, kwa sauti za Rhodes, zilisikika Elisabethville. Rabi wao, Moïse Lévy, mzaliwa wa kisiwa kile, alikuja mwaka 1937, akatumika katika Kongo zaidi ya miaka 50. Nani angeweza kujua, siku ile bandarini, kwamba mwana anayeondoka ndiye atakayeichukua nyumba, na wanaobaki hawatabaki? Kwa hiyo, anayetaka kumhukumu mwenye kuhama angoje kidogo. Hatia ya mwenye kuhama haiko katika miguu yake. Iko katika kile anachokiacha nyuma akifunga mzigo. Wapo waliohama na sufuria zao tu. Hawa walihama na kitabu.

Baada ya miaka ya 1960, na zaidi baada ya biashara za wageni kutwaliwa na serikali mwaka 1973, wengi wa hao nao waliondoka Lubumbashi kwenda Ulaya na Afrika ya Kusini. Sinagogi ingaliko, na wanaosali ndani ni wachache. Habari zinaendelea.

Turudi Mbale, maana huko lilitokea neno jingine lenye kugusa wakatekumeni. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walikuja, wakawahoji Abayudaya mmoja mmoja, wakawazamisha majini mia kadhaa, kwa sheria ya kuingia katika dini ya Kiyuda. Kuingia! Watu ambao babu zao walisali tangu 1919, ambao walisali chini kwa chini wakati wa Amin, waliulizwa kana kwamba wamefika leo. Wengine waliona uchungu, na ni haki. Mzee aliyejificha miaka minane kwa ajili ya Sabato anahojiwa kama anaijua Sabato! Wengine, hasa katika kijiji cha Putti, walitaka njia ya Wayuda wenye kushika sheria kwa ukali zaidi, na shauri hilo liliwagawanya. Lakini wengi walishuka majini. Hawakukiri kwa kufanya hivyo kwamba babu zao walikuwa si kitu. Walifanya kwa hiari, mbele ya mashahidi, jambo ambalo babu yao Kakungulu alilifanya kwa hiari mbele ya watu wake. Katika vizazi vyote vilivyo katikati, pengine hakuna waliomfanana zaidi.

Gershom Sizomu alikwenda Los Angeles kusoma, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, akarudi kufundisha nyumbani. Mwaka 2016 watu wa Bungokho ya Kaskazini, ambao wengi wao si Wayuda, walimchagua awe mjumbe wa bunge. Ndugu yake Keki alikuwa New York siku ile ya 11 septemba 2001, majumba marefu yalipoangushwa. Aliporudi akapita nyumba kwa nyumba kwa Wakristu na Waislamu, na mwaka 2004 wakaanzisha chama cha kuuza kahawa pamoja. Hili nalo si dogo kwa watu wachache: anayetaka watoto wake wakae kijijini lazima kahawa ipate bei, na bei haipatikani na nyumba sita peke yao.

Leo Abayudaya ni kama elfu mbili. Sinagogi mpya ilifunguliwa juu ya kilima cha Nabugoya mwaka 2016, kwa msaada wa Wayuda wa mbali. Wageni huja, hupiga picha, huacha zawadi. Zawadi zina wema wake, na zina hatari yake pia, maana mtoto aweza kujifunza kwamba Uyuda ni kitu kinacholetwa na ndege. Vijana hutaka Kampala. Wengine hutaka Israeli. Wazee huwahesabu kimya kimya, kama wazee wa kila mahali. Katika shule zao hukaa benchi moja mtoto wa Kiyuda, mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristu. Sabato ikifika, jua likichwa, nyumba za Wayuda huwasha mishumaa kabla ya giza, na katika kila nyumba mama hutazama njia, kuona nani amerudi kutoka mjini.